Kwa nini modeli inasema maji yametulia?

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli yako haionyeshi mtiririko wowote wa maji ya chini ya ardhi wakati kisima cha chini ya kilima kinajaa. Umetumia mlinganyo wa Dupuit wa sakafu bapa, yaani unaochukulia mwamba ulio chini ya maji kuwa tambarare, ndiyo maana. Unene wa maji ukiwa sawa kote, huo unakupa sifuri. Kwenye mteremko uzito wenyewe unayasukuma maji.

Tumia mlinganyo wa Boussinesq wa 1877, unaohesabu mteremko: q = K·h·(sin i − cos i·dh/dx), q ikiwa maji yanayopita kwa kila mita ya upana, K urahisi wa udongo kupitisha maji, i mwinamo wa mwamba, dh/dx badiliko la h kwa kila mita ya x, x ikielekea chini ya mteremko, h ikiwa unene wa maji, ikipimwa kwa pembe mraba na mwamba wa chini (si kwa timazi, hapo wengi huteleza). Chukua K mita 5 kwa siku, h mita 2, mwinamo nyuzi 10: hata dh/dx ikiwa sifuri, kila mita ya upana inapitisha kama mita za ujazo 1.7 kwa siku.

Mteremko ukiwa mkali na tabaka jembamba, waweza kuitupa dh/dx. Linabaki wimbi la unene wa maji linaloshuka kwa kasi ya K·sin i/n, n ikiwa sehemu ya udongo inayoachia maji. Ila karibu na mto usiitupe: pale uso wa maji unajipinda, na dh/dx ndiyo yenye kauli.