Gari ya kufungua paa, niichukue?

SWALI: Shikamoo fundi. Kuna jamaa hapa Nyali anauza Mazda MX-5 ya 2007, ile ndogo ya viti viwili ya kufungua paa, rangi yang'aa kweli. Niichukue ama nitajuta? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Marahaba. Injini ya hiyo gari mi sina wasiwasi nayo sana, shida ni kutu, na hapa kwetu hewa ya chumvi haina huruma. Nyuma ya viti kuna vitundu vya kutoa maji ya paa, vikiziba na majani na vumbi mvua ikipiga maji yaingia hadi kwenye bodi chini ya milango, yala bati polepole na wewe juu waona rangi tu. Sasa mwaga maji kidogo pale uone kama yatoka chini, halafu iinuliwe gereji ubonyeze mbele ya tairi za nyuma, pakibonyea achana nayo. Kapeti ikiwa na unyevu pia, hapana. Usiseme utaagiza ya mwaka huo Japani, sheria ya Kenya haikubali gari iliyozidi miaka 8. Na iko chini hiyo, matuta ya huko kwenu wayajua mwenyewe.