Lazaro na punje ya haradali: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mateso

Mkuu, kwanza pole sana kwa kuuguza mzee wako. Umeuliza kama Ubudha na Ukristo si kitu kimoja kwenye suala la mateso, maana mmoja unasema acha tamaa, mwingine unasema beba msalaba wako, na mwisho wa yote mgonjwa anaambiwa avumilie tu. Mimi ni Mkristo tangu utotoni. Si mwanateolojia, ila nililala kwenye kiti cha wodini miezi 11 nikimuuguza mdogo wangu wa kike aliyekuwa na saratani ya damu, na swali lako nimelala nalo pale pale. Kwa ninavyoona mimi, si kitu kimoja. Vinafuatana safari ndefu, halafu vinaachana mahali panapouma kweli.

Kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja Mbudha akimuuguza mkewe. Usiku mmoja mdogo wangu alitapika mpaka shuka zikabadilishwa mara tatu. Alipopata usingizi nikatoka nje ya wodi, nikasimama naegemeza paji la uso ukutani, narudia neno moja: kwa nini yeye. Mzee akaja na chupa ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko, akaketi. Alikaa kimya muda mrefu. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, Buddha alifundisha kwamba mtu akichomwa mshale, moyo usiozoezwa humchoma na wa pili." Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe, na huo haumkwepi mtu. Wa pili ni woga, hasira na manung'uniko tunayoyaongeza juu yake.

Moyoni nilimkasirikia. Lakini wiki ile nikaanza kuihesabu mishale yangu. Daktari aliposema dawa haijafanya kazi kama alivyotarajia, hiyo ilikuwa taarifa. Mazishi niliyoyaona kichwani kabla hajamaliza kusema, hayo niliyaleta mwenyewe, na mdogo wangu aliyasoma usoni mwangu. Basi ule mshale wa pili ulikuwa unamchoma na yeye pia.

Hapa ndipo tunapoukosea Ubudha tukisema unafundisha kuacha tamaa basi. Neno lao ni tanha, maana yake kiu. Na wanazitaja kiu tatu: kiu ya raha, kiu ya kuwa, na kiu ya kutokuwa, yaani kutaka kitu kilichopo kisiwepo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishika. Nilikuwa nautaka ugonjwa usiwepo kwa nguvu zangu zote, kiasi kwamba yeye aliyekuwa mbele yangu nilikuwa simwoni vizuri. Hata neno dukkha, tunalolitafsiri "mateso", linabeba zaidi ya maumivu. Raha nayo imo humo, kwa sababu inapita. Siku alizokuwa anapata nafuu na kucheka, mimi nilikuwa nazila kwa hofu.

Kuhusu lawama, dini zote mbili zinasemwa vibaya. Walikuja watu wa kanisani wakamwuliza mdogo wangu kama kuna dhambi hajaitubu. Mgonjwa aliyetoka kutapika! Ilhali Yesu mwenyewe alipoulizwa juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu si yeye wala wazazi wake. Na juu ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa Wabudha nako wapo wanaosema kila ugonjwa ni karma ya maisha yaliyopita. Mzee yule alinieleza kwamba Buddha aliulizwa jambo hilo na mtu aitwaye Sivaka, akakataa: yapo maumivu yatokanayo na nyongo, na kohozi, na mabadiliko ya majira, si yote ni malipo ya matendo ya zamani. Kwa hiyo mtu akija kitandani kwa mzee wako na hukumu mfukoni, mtoe nje kwa heshima. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Sasa pale zinapoachana. Kuna mama aitwaye Kisagotami, mtoto wake alikufa, akambeba akizunguka kuomba dawa. Buddha akamwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Akapita mlango kwa mlango. Haradali ilikuwepo kila nyumba, ila na msiba ulikuwepo kila nyumba. Jioni akaenda kumpumzisha mwanawe, akarudi kuwa mwanafunzi. Mtoto hakufufuka. Buddha hakumwahidi hilo hata kidogo. Alimpa macho ya kuona kifo kwamba si chake peke yake.

Weka hapo na Martha, ambaye ndugu yake Lazaro alikufa kabla Yesu hajaja kumfufua: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Lile ni lalamiko, na Yesu halikemei. Anakwenda kaburini, analia machozi, ingawa anajua atakachofanya dakika chache mbele. Nimeusoma mstari ule mara nyingi sana. Anayejua mwisho mwema, kwa nini alie? Naona ni kwa sababu kwa Mkristo kifo ni adui, si sehemu ya kawaida ya mambo ambayo mtu aizoee. Mungu anakilia, kisha anakipinga, na mwishowe anakufa yeye mwenyewe msalabani akiuliza mbona umeniacha. Hapo Mbudha na Mkristo hawasemi jambo moja, na si haki kwa yeyote kati yao kuwalazimisha.

Mimi niliomba Lazaro, nikapewa haradali. Siku 40 baada ya mazishi simu yangu ilikuwa bado inalia saa 3 usiku, kengele ya dawa zake, na nilishindwa kuifuta. Nilikuwa nakaa kitandani nasubiri iishe. Punje ya haradali ilinisaidia kupumua zile dakika. Lakini haikunitosha, kwa sababu mimi sitaki tu amani juu ya kuondoka kwake, namtaka yeye. Na imani yangu inaniruhusu kumtaka. Ufufuo ndiyo kitu nisichoweza kukiacha, na mzee yule hakuwahi kuniomba nikiache. Mkewe alipofariki, wiki mbili baada ya mdogo wangu, nilikwenda kumpa pole. Aliyenifundisha mishale miwili alikuwa analia, kwa utulivu kabisa, wala hajifichi.

Kwa hiyo mkuu, kukaa kimya na kuifuata pumzi yako ukiwa na mzee wako hakuvunji imani yako. Mimi nilifanya hivyo, kisha nikaomba. Nilikuwa namsomea mdogo wangu Zaburi pia. Nilimchagulia ya 23, akasikiliza. Yeye akanichagulia ya 88, ile ambayo haigeuki kuwa sifa hata mwishoni, neno lake la mwisho ni giza. Aliniomba niirudie.