Gemu linakutupa nje? Soma mstari wa NAT kabla hujanunua ruta

Mkuu, umesema konsoli inaonyesha mtandao upo, filamu zinacheza bila kuganda, ila ukiingia kucheza na wenzako unatupwa nje na sauti zao huzisikii. Hali hiyo ilinitesa wiki tatu, na hela niliyotoa kwa ruta mpya haikunisaidia kitu. Nakuomba usinunue chochote kwanza.

Ingia kwenye setingi za mtandao, pima muunganisho, kisha soma majibu yote hadi chini. Wengi wakiona intaneti imefaulu wanafunga. Mstari unaoutafuta ni wa NAT, yaani namna ruta inavyoviwezesha vifaa vya nyumbani kutumia anwani moja ya nje. PlayStation huuandika kwa namba: 1 na 2 hazina shida, 3 ndiyo tatizo. Xbox hukwambia kama iko wazi, ya wastani au imebanwa. Switch hutumia herufi, na unataka A au B. Yangu ilikuwa 3. Hapo konsoli ikiomba kitu nje inaletewa, ndiyo maana filamu zinacheza, lakini mwenzako akitaka kuifikia moja kwa moja ruta inamzuia, haijui amemfuata nani humo ndani.

Chanzo kwangu kilikuwa pale pale mezani. Kisanduku cha mtoa huduma chini, ruta yangu mpya juu yake, waya mfupi wa njano katikati. Vyote viwili vilikuwa ruta, kila kimoja na NAT yake. Nilifungua ukurasa wa ruta yangu kwa 192.168.0.1, nikaenda sehemu ya WAN, yaani anwani ya ruta upande wa nje, nikakuta 192.168.1.4. Anwani inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya nyumba, haipaswi kukaa upande wa nje. Nikaibadili ruta yangu kuwa katika hali ya AP, yaani isambaze waifai tu na kazi ya kugawa anwani ikiachie kile kisanduku. Nikazima vyote, nikawasha kisanduku kwanza, halafu ruta, konsoli mwisho. NAT ikasoma 2, na usiku ule ule nikawasikia wenzangu.

Kama una ruta moja tu, washa UPnP ndani yake kisha uiwashe upya. Huo ndio utaratibu unaoiwezesha konsoli kujiombea pota inazohitaji, yaani milango yenye namba ambayo mawasiliano hupitia. Ni afadhali uanze na hapo kuliko kufungua pota kwa mkono. Ukilazimika kufungua, Xbox hutumia 3074, na konsoli uipe kwanza anwani isiyobadilika, la sivyo ikibadilika pota itabaki inaelekea kusiko na mtu.

Sasa kuna jambo la kukuokolea muda mwingi. Ukikuta WAN inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ukikesha na setingi hutapata kitu. Mpigie, mwombe anwani ya IP ya umma, kwa jina hilo hilo, maana ukimwambia "gemu linasumbua" atakwambia uzime na kuwasha.

Kuhusu DNS uliyoshauriwa, 8.8.8.8 au 1.1.1.1: weka ukitaka, inasaidia pale konsoli inaposhindwa kuingia kwenye akaunti. Kukwama katikati ya mechi haitakuondolea, kwa sababu kazi ya DNS ni kutafuta anwani ya seva, na ikishapatikana haihusiki tena.

Kama NAT iko sawa na bado gemu linaruka, chomeka waya, hata wa kuazima, ucheze mechi mbili. Likitulia, tatizo ni waifai: hamia masafa ya waifai ya 5 GHz kama konsoli iko karibu na ruta (PS4 ile ya kwanza ya 2013 haina, inakamata 2.4 GHz pekee). Lisipotulia, angalia nani anapandisha vitu. Simu moja inayotuma picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni inaweza kujaza njia ya kupandia, na pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ikapanda ghafla hata kama kasi yako ya kushusha ni kubwa.

Ukishapima, tuandikie hapa aina ya NAT na tarakimu za mwanzo za anwani ya WAN, zile zilizo kabla ya nukta ya pili. Zilizobaki usiziweke hadharani.