Simu za IP zinakatakata sauti na QoS nimewasha: jibu kwa mdau wa swichi ya porti 24

Mkuu, umesema simu za ofisini kwenu zinakatakata kila saa nne asubuhi watu wakianza kupandisha mafaili, ukawasha QoS (mpangilio wa kutanguliza trafiki yenye haraka) kwenye swichi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Hapo kwenye "ikazidi" ndipo nilipocheka, maana yalinikuta hayohayo kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo, Kurasini. Nilimlaumu mtoa huduma wa intaneti siku mbili nzima, kumbe mchawi mimi mwenyewe.

Kuna swichi ambazo ukiwasha QoS tu, kila porti inahesabiwa haiaminiki. Pakiti ikiingia na alama yake ya DSCP, yaani namba inayosema ina haraka kiasi gani, swichi inaifuta na kuandika 0, yaani haina haraka. Kabla hujagusa kitu, alama ilikuwa inapita salama hadi kwenye ruta, na foleni yako iko huko kwenye ruta, si kwenye swichi.

Usikisie. Weka porti ya kunakili trafiki, chomeka laptop, fungua Wireshark (programu ya kuchungulia pakiti) uangalie baiti ya pili ya kichwa cha IP. Mimi upande wa simu niliona b8, ambayo ndiyo DSCP 46, alama ya sauti. Upande wa kebo inayokwenda kwenye ruta: 00. Nilikaa kimya kidogo.

Sasa usikimbilie kuamini porti zote. Nilifanya hivyo, na kompyuta moja ya kuhifadhi nakala ikawa nayo inajipa 46. Ni sawa na bodaboda kwenye njia ya mwendokasi. Basi lenyewe linakwama. Amini VLAN ya simu peke yake, yaani mtandao uliotengewa simu ndani ya swichi hiyohiyo, na kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu irudishwe 0. Tena amini DSCP, usiamini CoS, ile alama nyingine ya kipaumbele: CoS imo ndani ya tagi ya VLAN, na fremu isiyo na tagi haina cha kusomwa.

Kama simu zenu ni za bei poa na haziweki alama, ainisha kwa anwani za VLAN ya simu. Naona umeandika kanuni ya porti 5060. Hiyo ni SIP, inapiga kengele tu. Sauti yenyewe ni RTP, inapita kwenye porti nyingine ambazo simu zinakubaliana kila zinapopigiana. Ndiyo maana simu yako inaita vizuri, ikipokelewa inaanza kukwaruza.

Na usiogope kuipa sauti foleni ya kwanza kabisa. Simu moja inayotumia G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde, kwa hiyo simu kumi hazifikishi hata megabiti 1. Haitamnyima mtu faili lake.

Pima ile baiti pande zote mbili, kisha lete namba hapa pamoja na modeli ya swichi.