Wasomaji Wauliza: DNA iliyoharibikia mezani

SWALI: Napima 8-oxodG, yaani deoksiguanosini iliyooksidishwa, katika seli nyeupe za damu kwa LC-MS/MS, mashine inayotenganisha molekuli kisha kuzipima uzito. Sampuli ileile, seli zilezile: Jumatatu nilipata 5 kwa kila guanini milioni moja, Alhamisi 60. Mashine imekaguliwa, na kila tyubu naweka rejea, yaani 8-oxodG ya kiasi kinachojulikana yenye naitrojeni-15 (naitrojeni nzito). Kosa liko wapi?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Mashine iache kwanza, piga hesabu. Mikrogramu 30 za DNA zina takriban nanomoli 19 za deoksiguanosini (dG). Kwa mtu mwenye afya, wa 4 kwa milioni, unachokitafuta ni femtomoli 76 hivi (femtomoli milioni moja ni nanomoli moja). Zikioksidika molekuli 4 zaidi katika kila milioni ukiwa bado na pipeti mkononi, jibu limeshakuwa maradufu. Rejea yako haitakushtua: inafidia 8-oxodG inayopotea njiani, si inayozaliwa njiani.

Mtuhumiwa wa kwanza ni fenoli ya kutolea DNA kwenye seli, hasa ya chupa iliyoanza kuwa ya pinki. Tumia sodiamu iodaidi na isopropanoli badala yake. Weka deferoksamini ya milimola 0.1 katika kila bafa, tangu kupasua seli hadi kumeng'enya DNA (kuikata vipande kwa vimeng'enya), ili ifunge chuma kinachochochea oksidesheni. Wakati wa kumeng'enya usiibadilishe kwa EDTA, ambayo hufunga zinki pia, maana nukliesi P1, kimeng'enya kinachokata DNA, hufanya kazi kwa zinki. DNA ikishatua chini ya tyubu, isiachwe ikakauka kabisa.

Kujipima ni rahisi. Chukua tyubu moja isiyo na rejea, utie dG yenye naitrojeni-15 tano kabla ya kumeng'enya, kisha fuatilia 289→173, yaani uzito wa 8-oxodG iliyotokana na dG hiyo, kabla na baada ya mashine kuivunja. Ikitokea, oksidesheni imefanyika mikononi mwako. Rejea isiwemo kwa sababu uzito wake ni huohuo. Pitisha pia dG hiyo peke yake, kwani ya dukani mara nyingi huja na uchafu kidogo.

Halafu tazama muda wa kutoka kwenye kolamu ya C18, inayotenganisha molekuli. 8-oxodG (284→168) hutoka baada ya dG. Ukiona kilele cha 284→168 pale pale inapotoka dG, hicho kimetengenezwa ndani ya chanzo cha ayoni, sehemu ya mashine inayozipa molekuli chaji. Pima dG kwa mwanga wa nanomita 260, kisha geuza vali iende kwenye taka kabla haijafika kwenye mashine.