Re: Trollope aliandikaje riwaya 47 akiwa mwajiriwa wa Posta?

Ndugu, Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza, hakuandika zote 47 akiwa Posta: kazi hiyo aliiacha mwaka 1867, akaendelea kuandika hadi alipofariki 1882. Ila utaratibu wake ni wa kweli kabisa. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani. Alimwongezea mtumishi pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza alisoma kazi ya jana, akipima kwa sikio mlio wa sentensi. Kisha, saa ikiwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Wanaomuiga hukimbilia hayo 250 na kuruka usomaji, ndiyo maana hukwama. Na usitegemee matunda ya haraka: riwaya yake ya kwanza, 1847, haikumpa hata peni.