Mzimu wako una masharti gani? Ushauri kwa waandishi wa filamu za kutisha za vijana

Mtazamaji wa filamu ya kutisha hana ugomvi na mzimu. Akishakaa mbele ya skrini amekubali kwamba upo. Kinachomkera ni mzimu ambao mwanzoni ulizuiwa na mlango uliofungwa, halafu nusu saa baadaye unapenya ukutani. Au binti wa miaka 17 anayesikia kishindo darini saa nane za usiku akapanda peke yake bila hata kuwasha taa. Hapo hofu inakatika, mtu anaanza kubishana na mwandishi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sini ya kwanza, andika ukurasa mmoja wa masharti ya mzimu wako. Unamtaka nani, na kwa nini huyo? Nani anauona? Unamfikiaje mtu? Nini kinauzuia, na kwa muda gani? Ukishamuua, unamgeukia nani? Jibu lisilotosha kwenye sentensi moja lipunguze, maana mtu anayeogopa hawezi kushika masharti saba kichwani.

It Follows (2014) ya David Robert Mitchell inafaa kusomwa kwa mazuri yake na kwa udhaifu wake. Kiumbe kinatembea tu, hakikimbii, na kinamwendea mtu mmoja ambaye wenzake hawaoni kinachomfuata. Anakirithisha kwa kulala na mwingine; huyo akiuawa, kinarudi kwa aliyemrithisha. Yote haya yanasemwa mapema, na kuanzia hapo kila anayetembea kwa mbali nyuma ya mhusika anatutia wasiwasi, hata kama ni mpita njia. Masharti yakiwa wazi, mtazamaji anajitisha mwenyewe. Lakini karibu na mwisho vijana wanapanga vifaa vya umeme kandokando ya bwawa la kuogelea ili wakiue kwa shoti. Hatujaoneshwa popote kwamba umeme unakidhuru. Hilo mimi nalisamehe, kwani vijana waliobanwa hubahatisha, na mpango wenyewe unashindwa. Kinacholegea ni kiumbe chenyewe: kimezoea kumwendea mtu moja kwa moja, sasa kinasimama ukingoni na kumrushia vifaa vile vile.

Wes Craven alifanya vizuri zaidi katika A Nightmare on Elm Street (1984). Nancy, msichana anayewindwa ndotoni na muuaji aitwaye Freddy, anaamka kliniki akiwa na kofia ya Freddy, aliyoinyakua ndotoni. Basi tumejua: ukishikilia kitu wakati unaamshwa, unatoka nacho. Baadaye anapotega saa imwamshe ili amvute Freddy mwenyewe hadi kwenye nyumba yenye mitego, hakuna anayeuliza ametoa wapi wazo hilo. Fuata mpangilio huo. Silaha ya mwisho ifanye kazi kwanza kwa bahati, kwenye jambo dogo, walau nusu saa kabla haijahitajika. Kitabu cha kale kinachookotwa kabatini dakika ya 80 kwenye filamu ya dakika 90 hakimridhishi mtu.

Swali zito kuliko yote kwenye filamu za vijana ni hili: mbona hawawaambii wazazi? “Hawatatuamini” ni jibu dhaifu. Nancy anawaambia. Baba yake ni polisi. Tatizo ni kwamba wazazi wa mtaa ule walimchoma moto Freddy kwa mikono yao na wameificha siri hiyo, kisha mama anatia nondo madirishani kwa nia ya kumlinda mtoto, na Nancy anajikuta amefungiwa ndani. Wape wakubwa sababu yao wenyewe ya kukwama.

Simu nayo isizimwe kwa chaji kuisha. Hila hiyo imechoka. Iache ifanye kazi ila isisaidie. Katika Talk to Me (2022) ya ndugu Philippou wa Australia, vijana wanarekodiana wakipandisha mizimu, na zile video ndizo zinazowavuta wengine kujaribu. Ukiandika kisa cha shule ya bweni ya Kenya au Tanzania, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo kikwazo unacho tayari. Talk to Me inafundisha pia namna ya kuvunja sharti. Mwisho wa kupandisha mzimu ni sekunde 90, kisha mshumaa uzimwe. Muda unapitilizwa kwa sababu Mia, mhusika mkuu, anaamini mama yake marehemu anazungumza naye kupitia kwa mvulana. Mwenye uchungu wa namna hiyo angechelewa kuachia. Ujinga pekee hautoshi.

Skripti ikikamilika, wape wasomaji watano wa umri wa miaka 15 hadi 18, na penseli. Waweke alama kila mahali ambapo wao wangekimbia, wangepiga simu au wangemwamsha mtu. Alama tatu zikiangukia sehemu moja, usiongeze maneno ya kujitetea hapo hapo. Rudi nyuma ukazibe. Kwenye kisa cha bweni, kama wote wanauliza kwa nini matroni hakuamshwa, mwondoe matroni mapema, kwenye sini ya tano, ampeleke mwanafunzi mwenye homa hospitali kabla mtu yeyote hajaogopa.